Bipu Kutoka Kilele cha Menomeno

Usiku wa jana niliota nimesimama chini ya mlima Menomeno, nimevaa shati nililovaa mazishini, na nusu ya kichwa changu imenyolewa. Nilikuwa nimekwenda kurudisha simu.

Nianze na simu yenyewe, kwa sababu ndoto haikuieleza. Ilichukulia kwamba najua.

Kaka yangu Singano aliongoza wageni kwenye mlima huo kwa miaka kumi na moja. Menomeno si mlima mrefu, lakini ni mbaya. Ni mawe ya chokaa tangu chini mpaka juu, yamechongoka kama meno, na kati ya jino na jino kuna mashimo ambayo mbuzi akitumbukia hatoki. Mlimani kote hakuna mtandao isipokuwa kileleni penyewe. Kaka akifika pale na wageni wake alikuwa akinibipu. Mlio mmoja, kisha anakata. Maana yake ilikuwa: tumefika, hatujambo, msiniwekee chakula cha mchana. Sikuwahi kuipokea wala kumpigia. Bipu haipokelewi. Ukiipokea unamlia mtu salio lake, naye atakununia.

Mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, simu yangu ililia mara moja mfukoni. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado, mashine iko sikioni. Nikasema moyoni, kaka amefika. Sikuitoa hata kuitazama. Kabla ya adhuhuri jiwe lilichomoka wakati anashuka, na wageni wakarudi bila yeye.

Kwenye matanga, mgeni mmoja aliyekuwa amekaa mbali kidogo siku ile aliniambia kwamba kaka alihangaika na simu kule juu. Aliiinua, akaizungusha, akapanda nayo juu ya jiwe, mtandao unakuja na kupotea. Tangu hapo sina raha. Sijui kama ule mlio mmoja ulikuwa bipu, au ulikuwa simu iliyokatika. Kama ni bipu, alinisalimia na mambo yakaisha. Kama ni simu, alikuwa na neno la kuniambia, nami nilikuwa nanyolewa.

Hilo ndilo nililokwenda kuuliza.

Langoni kuna meza, na nyuma ya meza amekaa pimbi aliyevaa miwani. Hanitazami. Ananiuliza shughuli yangu.

"Kurudisha simu," nasema.

Anaandika kwenye daftari la wageni. Anaandika muda mrefu kuliko maneno niliyosema. Kisha ananionyesha kwa kalamu ubao ulio nyuma yake, ule ule ambao kaka aliupaka rangi kwa mkono wake: KATIKA MLIMA HUU ACHA NYAYO TU.

"Nimeusoma," nasema.

"Basi ziache."

Nikamwambia nitaziacha njiani, kila nitakapokanyaga. Pimbi akavua miwani, akaifuta kwa manyoya ya tumbo. Akasema wote husema hivyo, kisha wanarudi nazo nyumbani na mlima unabaki hauna kitu. Kanuni haikusema alama za nyayo, ilisema nyayo. Kama nina maoni kuhusu lugha ya kanuni, anayehusika huja Jumanne.

Nilikaa chini nikavua viatu, nikavua soksi, nikavua nyayo. Zilitoka vizuri, kuanzia kisiginoni, kama ganda la ndizi iliyoiva. Pimbi alizipokea kwa vidole viwili, akazikung'uta mchanga, akazitundika kwenye msumari.

Ukuta ulikuwa na misumari mingi na karibu yote ilikuwa mitupu. Kwenye msumari wa karibu na dirisha zilining'inia nyayo pana, na ule wa kushoto ulikuwa na kovu la jembe. Kovu hilo nililijua. Nilikuwepo siku kaka alipolipata. Jembe lilikuwa mikononi mwangu.

"Hizi hazijachukuliwa," nikasema.

"Mwenyewe alipanda asubuhi," akasema pimbi. "Atazipitia akishuka."

Yeye ni mtu wa lango, habari za juu hazimfikii.

Nilipoanza kuondoka akaniita tena. Kulikuwa na kanuni ambayo haikutosha kwenye ubao. Mlimani hairuhusiwi kulia. Chokaa haina ubishi na maji, alisema, inakwenda nayo tu. Akanyoosha kidole kwenye bonde lililo mkono wa kulia, bonde ambalo mashamba ya mahindi ya kijiji kizima yamo ndani yake.

"Lile ni mama mmoja," akasema. "Alikuja kwa ajili ya mwanawe. Wala hakukaa sana."

Nikamhakikishia kwamba mimi si mtu wa kulia. Hata mazishini watu walinisifu.

Kaka alikuwa na kanuni moja kubwa aliyowafundisha wageni wote: usilishike jiwe kabla ya kuligonga. Jiwe zima hutoa sauti nzito, lililolegea hulia kama debe tupu. Gonga, sikiliza, ndipo ushike. Kwa hiyo nikakunja ngumi, nikaligonga jiwe la kwanza.

"Nani?" likauliza.

Jiwe likasema kwao watu hubisha hodi, hawagongigongi kama askari. Nikasema hodi. Likasema karibu. Nikashika, nikapanda.

Hivyo ndivyo nilivyoupanda Menomeno, hodi na karibu, hodi na karibu. Mawe mengine yalijibu haraka. Mengine yalikuwa na usingizi. Jiwe moja lilisema karibu, lakini ngoja kwanza nivae. Kwenye jiwe jingine sauti ilijibu kwamba hakuna mtu. Nikauliza, sasa wewe unayejibu ni nani? Ikasema, mimi nimekuja kutembea tu. Nilipitia upande wa pili.

Jiwe moja la mviringo, lenye sauti ya kike, lilinikaribisha mpaka nikaona haya. Liliuliza habari za nyumbani, habari za shamba, habari za mama na miguu yake. Likauliza mbona nusu ya kichwa. Nikasema nilikuwa kwa kinyozi.

"Na nusu ya pili?"

Nikasema sikumbuki kama niliimaliza. Likasema pole, likaniachia nafasi ya kuweka goti.

Kisha ukaja mwamba uliosimama wima, na hapo ilibidi nitumie kanuni ya viungo vitatu. Kaka alikuwa akiisema kama wimbo: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vitatu vishike jiwe, cha nne kisafiri.

Ndotoni cha nne kinasafiri kweli. Mkono wangu wa kulia unaachana na bega, unasema narudi sasa hivi, unapotelea kwenye kona ya mwamba. Nabaki nimening'inia na vitatu. Upepo unavuma ndani ya mkono mtupu wa shati. Nasubiri. Mguu wa kushoto unauliza kama na wenyewe utapata zamu, naujibu tutaona.

Mkono ukarudi umeshika kipande cha chaki. Ukasema mbele kuna mahali pa kukaa na kuna watu. Nikauliza watu gani. Ukasema wewe njoo tu, mimi ni mkono, siyajui majina.

Nikazunguka kona, nikajikuta darasani, kidato cha pili, dawati la tatu kutoka mlangoni. Mwalimu Shekiondo anafundisha jiografia. Maji ya bahari yamefika magotini na hakuna anayejali. Samaki mdogo anasoma daftari la mwenzangu kwa kuchungulia.

"Mhina," anasema mwalimu. "Jiwe la chokaa hutokana na nini?"

Nasimama. "Hutokana na viumbe wa baharini, mwalimu. Makombe na mifupa yao. Wakifa hushuka chini, wanalaliana miaka na miaka, wanagandamana, bahari inaondoka, wanabaki mlima."

"Kwa hiyo Menomeno ni nini?"

"Ni marehemu, mwalimu."

"Wote?"

"Wote, mwalimu. Kuanzia chini mpaka juu."

"Sasa mbona unawakanyaga na viatu?"

Nikamwonyesha miguu yangu. Hakukuwa na viatu wala nyayo. Akaridhika. Akasema kaka yangu alikaa kwenye dawati hilo hilo miaka sita kabla yangu, akaulizwa swali hilo hilo, akajibu kwamba chokaa hutoka dukani. Darasa zima likacheka, samaki naye akacheka. Mwalimu alisema alimpa sifuri kubwa kama sahani, na huyo wa sifuri ndiye aliyekwenda kuishi na chokaa maisha yake yote, na mimi niliyepata tiki nikabaki chini nikiutazama mlima kama mtu anayetazama ukuta.

"Kaa chini," akasema. "Au, toka nje. Unatafutwa."

Mlango wa darasa ulifungukia kwenye ukuta wa mwamba, juu sana. Mawe ya hapo hayakuwa na mazungumzo. Nilibisha hodi nikakaribishwa kwa sauti za chini, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Katikati ya ukuta kulikuwa na pengo jeupe, safi, kama mahali palipong'olewa jino juzi. Pembeni ya pengo, kwenye kijukwaa, jiwe moja limekaa peke yake. Lina ukubwa wa sanduku la nguo. Limegeukia ukutani.

Nililijua bila kuambiwa. Nililiuliza limefikaje tena juu, maana mimi mwenyewe niliambiwa lilianguka mpaka mtoni. Likasema limepanda kwa nguvu zake. Imelichukua miezi saba. Kila lilipobisha hodi, mawe mengine yalikaa kimya.

"Kaka alibisha?" nikauliza.

"Alibisha. Mara tatu, na akaniamkia, kama kawaida yake."

"Ukamjibu nini?"

Vumbi kidogo likadondoka.

"Nikamwambia karibu."

Likasema lilikuwa limelegea tangu mvua za vuli na lilijua. Lilikuwa limejiandaa kusema hakuna mtu. Lilikuwa likifanya hata mazoezi peke yake. Lakini mtu amekubishia hodi miaka kumi na moja, hajawahi kupita bila kukusalimia, na siku hiyo amekuja anacheka, utamwambiaje usiingie? Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Nilitaka kulipiga teke. Nikakumbuka nyayo zangu ziko msumarini.

"Alikuwa anacheka nini?"

"Hakusema. Alitoka kileleni anacheka mpaka anapangusa macho. Nilidhani amempata mtu kwenye simu."

"Hakumpata," nikasema.

"Pole sana."

"Na wewe pole," nikasema, kwa sababu mdomo umezoea, na kwa sababu lilionekana limechoka.

Njia ilipita hapo. Nikabisha hodi mara tatu. Jiwe likakaza sauti, likasema, "Hakuna mtu." Nikapita pembeni, na nilipogeuka nikaona limenigeukia, linanitazama kama nitafika.

Hatua ya mwisho kabla ya kilele ilikuwa kiti cha kinyozi.

Kiti ni kile kile, chenye mkono mmoja uliofungwa kwa mpira. Kinyozi naye ni yule yule, na anashukuru kwamba nimerudi nimalizie. Ananifunga kitambaa shingoni. Mashine inalia sikioni. Mbele yangu badala ya kioo kuna anga. Ananisimulia habari za shemeji yake anayedai ng'ombe amezaa mapacha, na mimi naitikia ee, ee.

Simu inalia mfukoni. Mlio mmoja.

"Tulia," anasema kinyozi. "Kanuni ya hapa ni kutotikisika."

Nikasimama. Mashine ikateremka kutoka kisogoni mpaka mgongoni, ndani ya shati. Kinyozi akasema nimekuchora barabara, na ukitoka na kitambaa changu nitakufuata mpaka kwenu. Nilikwenda na kitambaa shingoni. Simu nilipoitoa haikuwa na jina wala namba. Ilikuwa na mshale mmoja unaoonyesha juu.

Kilele cha Menomeno ni meno mawili marefu yanayotazamana, na katikati yake pana nafasi ya watu wanne. Mtandao wenyewe nauona kwa mara ya kwanza. Ni wavu. Umefungwa kutoka jino hadi jino, una macho madogo sana, na umenasa vitu vyeupe vyembamba kama magamba ya samaki, vinavyonong'ona. Chini yake, kwenye kiti cha plastiki, mwanamke wa makamo amejifunga khanga, anamenya muhogo.

Nikamsalimia. Alipoitikia niliijua sauti. Kila mtu nchini anaijua.

Sikutaka kuonekana nina haraka, lakini nilikuwa nayo. Nikapiga namba ya kaka, ambayo sijaifuta. Mwanamke akaweka kisu chini, akanitazama usoni.

"Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa," akasema. "Tafadhali jaribu tena baadaye."

Akachukua kisu chake.

"Dada, niko hapa mbele yako."

"Nakuona, kaka."

"Baadaye ni lini?"

"Mimi nilipewa neno baadaye tu. Lini sikupewa."

Alisema bila ubaya wowote. Akanipa kipande cha muhogo. Akaniambia jina lake ni Bi Tafadhali, na kwamba kazi yake ina matusi mengi. Watu wakigombana na wapenzi wao humtukana yeye. Lakini wateja wake wakubwa, alisema, ni wafiwa. Wako wanaopiga namba ya marehemu kila siku, wamsikilize mpaka mwisho, kisha wakate taratibu.

"Wewe unapiga saa moja jioni," akasema. "Nakujua. Huwa hupumui."

Nikatazama upande wa bahari, ingawa bahari haionekani kutoka Menomeno. Bi Tafadhali akanikumbusha kanuni ya maji. Nikamwambia naijua.

Alipomaliza muhogo akaniuliza shida yangu, nikamweleza yote, Alhamisi, mlio mmoja, kinyozi.

"Alikuwa anabipu au anapiga?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

Bi Tafadhali akajifuta mikono. Akaeleza kwamba bipu haikamatwi na wavu, ni nyembamba, inapita. Bipu ni salamu. Ikifika imekwisha, ndani yake hamna kitu. Inayonasa ni simu iliyokatika, kwa sababu ina maneno, na maneno yana miiba.

"Kwa hiyo nikitafuta nisiikute, alikusalimia tu, urudi nyumbani kwa amani," akasema. "Nikiikuta, alikuwa na neno na hukulipokea. Nitafute?"

Miezi saba nimekuwa nikiomba iwe bipu. Nimeiomba kwenye sala na nimeiomba nikilima. Pale juu nikaona kwamba ikiwa bipu, basi hakuna kilichobaki cha kaka popote, amekwisha kama mlio wenyewe. Na ikiwa simu, huenda alikuwa anaumwa, huenda aliona jambo, huenda alisema njoo unichukue, na mimi nikaendelea kuitikia ee, ee. Sikujua niombe kipi. Mkono wangu wa kulia ukasema amua, hapa tunashika jiwe kwa ajili yako.

"Tafuta," nikasema.

Akapanda juu ya kiti. Nikakishikilia kisitikisike. Akawa anachambua wavu kwa vidole, kama mtu anayetafuta chawa kichwani, na kila gamba alilogusa lilitoa sauti yake. Mwanamke alisema halo, halo, halo, halo. Mzee alisema nimeshafika, naona mnazi na duka jekundu. Kulikuwa na posa nzima iliyokatika kwenye neno naomba. Kulikuwa na ugomvi ambao ulikuwa umebakiza neno moja uishe.

"Mwezi wa tatu," alisema Bi Tafadhali. "Alhamisi. Saa nne kasoro." Vidole vyake vikasimama. Akasema, "Ipo."

Nikaachia kiti, nikamnyooshea kiganja.

Alinipa gamba dogo, jeupe, lenye baridi. Akanionya kwamba ikisikilizwa mara moja imekwisha. Akanionya pia kwamba nisijibu, kwa sababu aliye ndani hasikii, hii ni simu ya kuja tu. Nikaliweka sikioni, kwenye sikio lile lile.

Kwanza ni upepo. Kisha kaka anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanzia puani.

"Mhina. Mhina, sikiliza haraka kabla haijakata. Mgeni mmoja ameniazima darubini, naangalia kwako. Yule kuku wako wa madoadoa, ambaye ulimsingizia paka wa Mama Chausiku kula mayai yake mpaka mkanuniana, anataga nyuma ya tangi lako mwenyewe. Kwenye tairi, pale penye michongoma. Ukiwa chini huoni, ni mpaka uwe huku juu. Amekaa ametulia kama waziri. Haya nakata, nitakucheka vizuri nikishuka."

Nikangoja. Upepo ukavuma kidogo, ukaisha. Gamba likawa vumbi jeupe kwenye kiganja.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nimtunze mama. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Nikamtazama Bi Tafadhali, naye alikuwa amegeukia jino la mlima, mabega yanamtikisika.

"Ndiyo yote?" nikauliza.

"Ndiyo yote."

"Ni kuhusu kuku."

"Ni kuhusu kuku," akasema, na sauti ile inayojulikana nchi nzima ikakatika katikati.

Nikasikia kitu kinaanzia puani mwangu. Nilijaribu kukizuia kwa adabu, kwa sababu nilikuwa nimevaa shati la mazishi, kikapita. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wavu ukaanza kutikisika, magamba yakapukutika, simu zote zilizokatika zikawa zinaongea kwa pamoja, halo, halo, naona mnazi, naomba, halo. Mawe yakaulizana kuna nini, yakapashana habari kuelekea chini, kuku, kuku, anataga nyuma ya tangi, na kila jiwe lilipoipata nalo likacheka, hata lile la pengoni, kwa kuchelewa. Meno ya mlima yakagongana. Kutoka langoni pimbi akapaza sauti kwamba ameusoma ubao mara mbili na hakuna kanuni inayokataza. Macho yangu yalilowa, Bi Tafadhali akasema hayo ya kucheka hayahesabiwi, na kilele chote kikaanza kutikisa bega langu la kushoto, kutikisa, kutikisa.

Aliyekuwa akinitikisa ni mke wangu, Mwanaidi. Kumeshapambazuka, jua liko kwenye pazia.

"Unacheka," akaniambia. Alisema kama mtu anayeniarifu kwamba mlango uko wazi. Hakuniuliza nacheka nini.

Niliamka nikatoka nje na kikoi, bila kunawa. Kati ya tangi la maji na ukuta wa nyumba kumeota michongoma tangu tulipohamia, na nafasi iliyopo ni ya mkono tu. Hatujawahi kuifyeka kwa sababu hakuna shughuli huko. Nikalala kifudifudi kwenye mchanga, nikaingiza mkono. Miiba ikanichana mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikagusa mpira wa tairi. Vikagusa majani makavu, maganda ya mayai ya siku nyingi, kisha manyoya yenye joto, na hapo nikadonolewa.

Nilipotoka nilikuwa na yai moja. Mwanaidi alikuwa amesimama juu yangu, mkono kiunoni. Aliangalia yai, akaangalia ua wa Mama Chausiku, akafunika mdomo.

"Nani kakuonyesha?"

"Kaka Singano," nikasema. "Alinipigia simu."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Ilikatika."

Mwanaidi alilipokea yai, likiwa bado na joto, akaliviringisha kwenye pindo la khanga yake, kisha akachuchumaa pembeni yangu akaniambia niingize mkono tena, huenda yapo mengine.